Siga ya Cuba na glasi ya ramu: kinachoongea pale ni joto na unyevu

Kwanza tuwekane sawa kwenye jina maana vurugu yote inaanzia hapo. Sigara ni ile nyembamba ya karatasi unayouziwa moja moja kwa mangi. Ninayotaka kuiongelea mi ni ile nene ya kahawia, majani matupu yameviringwa juu ya majani mengine, haina karatasi haina kichungi, wazee waliiita sigaa na siku hizi wengi tunasema siga. Zote ni tumbaku ndio, ila ukiivuta siga kama unavyovuta sigara utaumia, na mi najua sababu ndo nilichofanya siku ya kwanza. Jamaa yangu karudi safari kaniletea moja, tumekaa nje usiku, sijala tangu mchana, nikavuta nikashusha mpaka mapafuni na ramu juu yake kwa mkupuo, dakika kumi hazijaisha jasho la baridi linanitoka, mate yanajaa mdomoni, kichwa kinazunguka, nikaishia kulala sakafuni. Kama miaka miwili sikutaka hata kuisikia harufu yake.

Aliyenirudisha ni mzee mmoja baharia mstaafu, mtu aliyezunguka sana bandari za Karibiani enzi zake. Aliniambia kijana, pale kuna joto na unyevu, ukivijua hivyo viwili mengine yote yatajipanga yenyewe. Nimekaa na neno hilo miaka, nimesoma, nimeonja, nimeharibu siga nyingi tu, na kila nikichimba nakuta mzee alikuwa ameshafika kabla yangu. Kwa hiyo makala hii yote naipitisha kwenye mlango huo.

Tuanze na kwa nini niliumwa. Ukienda Tabora, Urambo au Kaliua utaona mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto. Jani la Virginia linaingia bani linapigwa joto karibu wiki moja, linatoka na rangi ya dhahabu na sukari yake bado imo ndani, hilo ndo jani la sigara. Sukari ile ikiungua moshi unakuwa na asili ya uchachu, upande wa ndimu tuseme, na nikotini kwenye moshi wa namna hiyo haipiti vizuri mdomoni ndo maana mvuta sigara lazima ashushe mapafuni. Jani la siga linakaushwa kwa hewa tu, polepole, sukari karibu yote inaisha njiani, moshi wake unakaa upande wa magadi. Nikotini ikiwa kwenye moshi wa magadi inapita kwenye ngozi laini ya mdomo bila shida. Sasa siga kubwa moja inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, we ukishusha moshi huo mapafuni tena tumbo tupu umejipiga mwenyewe. Siga moshi unaujaza mdomoni, unautuliza kidogo, unautoa. Basi.

Na hapa niseme wazi kabisa maana sipendi kumdanganya mtu: kutoshusha mapafuni hakukufanyi salama. Siga inaleta saratani ya mdomo, ya koo, ya umio, na pombe ikiongezwa juu hatari haijumlishwi tu, inazidishwa, sababu pombe inafungulia njia sumu za moshi zipenye kirahisi. Mi siga kwangu ni kitu cha mara chache kwa mwaka, sherehe au mgeni kaja, na kama huvuti kabisa usianze kwa sababu yangu. Ambaye pombe kwake ni haramu au daktari kamkataza, ile sehemu ya ramu weka kahawa chungu ya mapwani, ya buli la shaba na vikombe vile vidogo, inakaa na siga vizuri mno na mambo mengi nitakayoeleza chini yanabaki vilevile.

Sasa twende Cuba. Magharibi ya kisiwa kuna mkoa unaitwa Pinar del Río, na ndani yake kuna eneo la Vuelta Abajo, na ndani yake tena wilaya mbili, San Juan y Martínez na San Luis, huko ndiko linakotoka jani ambalo watu wanalilipia pesa nyingi. Udongo mwekundu wa kichanga, maji yanapita hayatuami. Miche inapandwa kuanzia Oktoba hivi msimu wa vimbunga ukielekea kuisha, inavunwa Januari mpaka Machi kukiwa kukavu na kibaridi kidogo. Usipuuze hivyo vimbunga, tarehe 27 Septemba 2022 kimbunga Ian kiliingilia palepale Pinar del Río kikabomoa maelfu ya mabanda ya kukaushia, na mkulima wa tumbaku bila banda ni kama mvuvi bila ngalawa.

Jani la nje, wao wanaliita capa, linakuzwa chini ya vitambaa. Shamba zima linafunikwa kama chandarua. Sababu ni jua: jua kali linalifanya jani liwe nene na gumu, kivuli kinalifanya liwe pana, jembamba, laini kama ngozi ya mtoto, na hilo ndo utakaloliona kwa macho na kuligusa kwa midomo. Mimea mingine inaachwa juani, hiyo inatoa majani ya ndani. Na hapa kuna jambo zuri sana. Kwenye mmea mmoja majani hayalingani. Ya chini yanaitwa volado, mepesi, yanashika moto haraka. Ya katikati ni seco, hayo yanabeba harufu. Ya juu ni ligero, yamepigwa na jua zaidi, manene, yana mafuta, makali, yanaungua taratibu. Kileleni kabisa mimea mingine, sio yote, inatoa majani mawili madogo ya ziada wanayaita medio tiempo, na hayo ndo yamo kwenye siga ya Cohiba Behike iliyotoka 2010, bei yake tusiiongelee. Msokotaji anaviweka kwa mpangilio, ligero katikati kabisa kwa kuwa linaungua polepole, yale mepesi pembeni. Ndo maana siga nzuri ukikung'uta jivu unakuta kaa limechongoka katikati kama ncha ya penseli. Ukiona ncha hiyo ujue kuna mtu alikaa akafikiria.

Majani yakivunwa yanatungwa kwenye miti yananing'inizwa bandani karibu siku hamsini, kijani kinakwenda njano, njano inakwenda kahawia. Halafu yanalundikwa malundo makubwa yenye unyevu na yanaanza kuchacha, ukishawahi kuingiza mkono kwenye lundo la mboji ukakuta ndani kunafukuta moto basi ni hichohicho. Harufu ya amonia inatoka, ule ukali wa kukereketa unatoka, joto likizidi wanalifumua lundo wanaligeuza wanaanza tena. Seco na ligero za chapa ya Cohiba zinapitishwa mchacho wa ziada, wa tatu, ndani ya mapipa. Kisha yanafungwa marobota yanalala, ligero linalala miaka miwili au zaidi. Kwa hiyo ukishika siga mkononi unashika jani lililopikwa bila moto kwa muda mrefu kuliko umri wa watoto wengine wa chekechea.

Usokotaji wenyewe ni mikono, kibao, na kisu cha duara kinaitwa chaveta. Hilo la mikono linajulikana, kinachonigusa mi zaidi ni msomaji. Tangu 1865, kwenye kiwanda cha El Fígaro pale Havana, wasokotaji waliamua kuchangishana kutoka mishahara yao kumlipa mtu akae juu awasomee kwa sauti wakati wanafanya kazi, asubuhi magazeti, baadaye riwaya. Mpaka leo wasomaji wapo. Montecristo, chapa iliyoanzishwa 1935, ilipata jina lake kutoka riwaya ya Mfaransa mmoja ambayo wafanyakazi walikuwa wanapenda sana kusomewa. Yaani watu ambao wengi hawakuwahi kukaa shule walikuwa wanaijua fasihi ya dunia kwa masikio huku mikono inasokota, mi hilo naliheshimu kuliko boksi lolote la dhahabu.

Tukija kwenye saizi, watu wengi wanachanganya unene na ukali. Unene unapimwa kwa namba, na namba hiyo ni sehemu ya 64 ya inchi. Montecristo No. 4 ina namba 42, kama milimita 17 hivi, urefu 129. Partagás Serie D No. 4 ni namba 50, karibu milimita 20, urefu 124. Nene haimaanishi kali, ukali unatoka kwenye ligero imewekwa ngapi. Unene unabadilisha joto: nene ina nafasi, moshi unafika mdomoni umepoa, nyembamba unakuja wa moto na ladha imekolea. Anayeanza mi humwambia achukue Hoyo de Monterrey au Romeo y Julieta, zina upole, akishazoea aende Montecristo No. 4, halafu baadaye sana Partagás na Bolívar, hizo zina mkono mzito.

Kabla hujalipa lakini, lazima nieleze suala la majina maana hapa hata watu wenye pesa zao wanapotea. Februari 1962 Rais Kennedy alisaini vikwazo vya biashara na Cuba, na msemaji wake Pierre Salinger alikuja kusimulia mwenyewe kwamba jioni moja kabla aliagizwa akatafute siga za Cuba nyingi anavyoweza, akapata 1,200, asubuhi bosi akaziona akatoa karatasi akasaini. Lakini kabla ya hapo, 1960, serikali ya mapinduzi ilikuwa imeshataifisha viwanda, familia zilizomiliki chapa zikakimbia na majina yao. Matokeo yake leo kuna Montecristo mbili. Ipo ya Cuba, ipo nyingine ya Jamhuri ya Dominika inayouzwa Marekani. Cohiba vilevile, ingawa yenyewe ilizaliwa baada ya mapinduzi, 1966, ikisokotwa kwa ajili ya Fidel Castro na wageni wa serikali, Marekani kampuni nyingine ikaliandikisha jina. Kwa hiyo ukikuta Cohiba ya Dominika sio feki, ni siga nyingine kabisa yenye jina hilohilo. Na ramu nayo yamo hayohayo: Havana Club ya Cuba inauzwa duniani na kampuni ya Kifaransa Pernod Ricard kwa ubia na Cuba ulioanza 1993, halafu ipo Havana Club ya kampuni ya Bacardi inatengenezwa Puerto Rico kwa soko la Marekani tu. Ndugu zetu mlioko Marekani mjue pia tangu Septemba 2020 kurudi na siga au ramu ya Cuba kwenye begi kumepigwa marufuku tena, baada ya kulegezwa miaka michache.

Feki zenyewe sasa. Boksi lenye kifuniko cha kioo ni feki, hamna mjadala. Siga ya mtu wa ufukweni Havana anayesema shemeji yake anafanya kazi kiwandani, achana nayo. Boksi halali lina utepe wa kijani wa serikali mbele, na chini limechomwa muhuri wa Habanos S.A., kampuni inayouza siga za Cuba, na maneno Hecho en Cuba, Totalmente a mano, yaani imetengenezwa Cuba, kwa mikono kabisa, halafu pembeni msimbo wa kiwanda na mwezi kwa Kihispania, kwa mfano ENE 21 ni Januari 2021, AGO ni Agosti, DIC ni Disemba. Nakushauri uchukue ya miaka miwili mitatu nyuma kama ipo, amonia inakuwa imeshapungua.

Umeshainunua, sasa unaileta nyumbani, na hapa kwetu ndipo siga nyingi zinapofia. Siga inataka unyevu wa asilimia 65 mpaka 70 na joto kama nyuzi 18 mpaka 20. Dar, Mombasa, Unguja hewa ina unyevu mwingi kuliko huo na joto liko juu muda wote, siga inavimba, inagoma kuvutika, inaota ukungu. Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi kinyume chake, inakauka, ikikauka inaungua mbio na moshi unakuwa wa moto mkali, ladha yote inageuka uchungu. Watu wanakimbilia friji, friji za siku hizi zinakausha kila kitu na ndani kuna samaki na vitunguu, jani la tumbaku linanyonya harufu kama mkate. Halafu kuna mdudu, mdogo wa kahawia, mayai yake yanaweza kuja yamo ndani ya jani na joto likipita nyuzi 24 hivi yanaanguliwa, utakuta siga imetobolewa tundu za sindano na unga unamwagika. Dawa yake ni friza: funga siga kwenye mifuko miwili isiyopitisha hewa, friza siku tatu, hamishia friji siku moja, ndo utoe nje. Ukiitoa ghafla kwenye baridi hadi joto la Dar jani la nje linapasuka.

Kuhifadhi hakuhitaji sanduku la bei. Chombo cha plastiki cha chakula chenye mfuniko wa kubana, kipya kisicho na harufu, ndani kipakiti cha kurekebisha unyevu cha asilimia 65, kiweke chumba chenye kiyoyozi au kabati la chini kabisa. Ukiinunua leo ipe wiki mbili itulie humo kabla hujaiwasha, safari imeichosha.

Kuwasha. Kata kichwa, yaani upande wa mdomoni, juu ya ule mstari wa kofia, kile kipande cha jani kinachoufunika, milimita mbili tu, ukishuka sana jani la nje linaanza kufumuka. Usitumie laita ya petroli wala mshumaa, ladha yao haitoki tena. Laita ya gesi inafaa, au kiberiti cha njiti ndefu ila subiri ile baruti ya kichwani iungue iishe. Mguu wa siga, upande unaowashwa, usiuingize kwenye moto, uweke juu yake kidogo ukizungusha mpaka ukingo wote uwe mwekundu, kama unavyobabua hindi, ndo uvute taratibu. Haraka ya dakika moja hapa inaleta siga inayoungua upande mmoja saa nzima.

Halafu mwendo: vuta mara moja kwa dakika. Hii ndo sheria ambayo ukiishika hata siga ya kawaida inapendeza. Kila ukivuta kaa linapata hewa na joto linapanda, ukivuta mfululizo mafuta yenye harufu yanaungua badala ya kupanda na moshi, unapata lami. Ukikaa kimya sana inazimika, ikizimika kung'uta, iwashe tena, hakuna aibu. Jivu liache lifike sentimita mbili hivi, linalipoza kaa.

Ladha sasa. Ulimi wenyewe unajua mambo machache: utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Mengine yote ni pua. Ukiwa na mafua pilau inakuwa wali tu, si ndio? Kwa hiyo mwenye kuvuta siga akitoa moshi wote mdomoni anakosa nusu ya kitu. Moshi ukiwa mdomoni, toa mwingi, uliobaki kidogo sana upitishe taratibu puani. Mara ya kwanza utapiga chafya na machozi, anza kidogo. Pale puani ndipo vitu vinapojitokeza.

Na vitu hivyo vipe majina ya kwenu. Nimesoma maelezo ya Wazungu yamejaa cheri na lozi na sijui nyasi za uwanda gani, mtu wa Tanga akisoma anadhani yeye pua yake mbovu. Kumbe Hoyo ukiivuta vizuri kuna korosho iliyobanikwa pale mwanzoni, kuna mti mkavu kama ukifungua kasha la bibi la mvule. Montecristo kwangu ni buni inayokaangwa, na kakao isiyo na sukari. Partagás ni udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, pilipili manga puani, ngozi ya kiatu kipya. Nishawahi kukutana na mdalasini waziwazi kwenye Romeo y Julieta iliyokaa muda. Hakuna kilichoongezwa humo, hamna karafuu hamna arki, ni jani na mchacho na muda.

Ladha inatembea pia. Wafaransa wana utani kwamba theluthi ya kwanza ni nyasi kavu, ya pili ni ya kimungu, ya tatu ni maji ya samadi. Kuna ukweli, lami na nikotini vinajikusanya kuelekea mwisho, ukali unapanda. Ndo maana tunahitaji glasi pembeni.

Ramu inatokana na miwa, mara nyingi molasesi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikishatolewa. Ukipita Kilombero kiwanda kikiwa kinasaga unaijua hiyo harufu. Na usiinywe bila kujua ilikotoka: mashamba ya miwa ya Cuba yalilimwa na Waafrika waliobebwa utumwani, na utumwa kule ulifutwa 1886, yaani juzi tu. Tumbaku ilikuwa zaidi ya wakulima wadogo, miwa ndo ilikula watu. Mi nikishika glasi hilo huwa linanijia, na naona ni haki linijie.

Ramu za dunia zina koo tatu kubwa. Zile za visiwa vilivyotawaliwa na Waingereza, Jamaika, Barbados, na Guyana pale bara, nyingi zina mwili mzito, Jamaika hasa inanuka ndizi iliyoiva kupitiliza. Za Kifaransa kama Martinique zinatengenezwa na maji ya miwa mabichi, zina harufu ya majani. Za Kihispania kama Cuba ni nyepesi na kavu, na njia yao ndo hii: wanapika pombe ya molasesi, wanaiweka kwenye mapipa ya mwaloni angalau miaka miwili, wanaichuja kwa mkaa, wanaichanganya na nyingine nyepesi zaidi, wanairudisha kwenye mapipa. Mtindo huo unahusishwa sana na Facundo Bacardí aliyeanza Santiago de Cuba mwaka 1862, na ujuzi wa mabwana ramu wa Cuba UNESCO iliuandikisha kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2022. Joto tena: pipa la Uskochi linapoteza kama asilimia mbili kwa mwaka kwa kuvukizwa, Karibiani inaweza kuwa mara tatu ya hapo, kwa hiyo mti unaingia kwenye kinywaji haraka na ramu ya miaka saba imekomaa kweli. Angalia tu kwamba baadhi ya chapa za nchi nyingine zinaongezwa sukari na vanila. Paka tone mgongoni mwa mkono, likikauka likanata ujue.

Sasa kwa nini hivi viwili vinaelewana. Molasesi imechemshwa mara kadhaa, ina ladha ya sukari iliyoungua. Pipa limechomwa ndani, mti wa mwaloni ukipata moto unaachia vanila. Jani limefukuta kwenye lundo likatoa harufu za kakao na vitu vya kukaangwa. Vyote viwili vimepita njia moja ya mchacho, joto na kungoja, wakikutana mdomoni wanatambuana. Halafu pale wanapotofautiana wanasaidiana: utamu wa ramu unaukata uchungu wa moshi, kilevi kinasafisha mafuta yaliyoganda ulimini, na moshi nao unaufunika ule mchomo wa kilevi.

Kanuni yangu ni uzito kwa uzito. Hoyo Epicure No. 2 na ramu ya rangi ya dhahabu, changa kidogo. Montecristo No. 4 na Havana Club ya miaka 7, hii ndo ndoa ninayoipenda, kakao na sukari guru. Partagás Serie D No. 4 inataka mtu mzima mwenzake, Santiago de Cuba ya miaka 11 au ya Jamaika. Ukiweka ramu ya Jamaika na Hoyo, siga inapotea kabisa, utakuwa unavuta hewa.

Namna ya kwenda: kula kwanza, chakula cha kweli. Onja ramu peke yake, tone tu. Vuta siga dakika tano sita bila kunywa, ijue. Baada ya hapo toa moshi, ngoja pumzi mbili, nywa kidogo kama unaonja mchuzi wa moto, acha ikae ulimini kabla hujameza. Maji yawepo pembeni, na yanywe. Glasi iwe yenye tumbo na mdomo mwembamba, vidole viwili vya ramu vinatosha siga nzima. Soda usiweke kwenye ramu nzuri, na barafu nyingi inaifunga harufu, ingawa kwa joto la Januari Dar chupa ilale friji dakika kumi kwanza, glasi ikiwa na joto la mwili kilevi kinapanda puani kinakuziba. Na tafadhali usichovye siga kwenye ramu. Jani likilowa halivutiki, haliungui sawa, umeharibu vyote viwili. Ukihisi kichwa kinaanza kuelea weka siga chini, nywa maji, kula kitu chenye sukari, hewa safi, na usirudi tena usiku huo.

Kaa nje, mbali na watoto na mwenye pumu. Hapo namkumbuka Che Guevara, yule mwanamapinduzi mwenzake Castro, ambaye alikuwa na pumu na bado siga haimtoki mdomoni, mtu aliyepita Dar Aprili 1965 akavuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kupigana Kongo. Wacuba wake aliwapa majina ya kazi ya Kiswahili kwa kuhesabu, Víctor Dreke, kamanda mwenzake, akawa Moja, yeye mwenyewe akajiita Tatu. Mapigano yaliposhindikana alirudi Dar, akajifungia miezi ndani ya ubalozi wa Cuba anaandika.

Ikifika karibu na vidole, moshi umeanza kuwa wa moto na ulimi unawaka, iache. Usiikandamize kwenye kisahani kama sigara, ukiiponda inatoa harufu mbaya ambayo mapazia yatakuwa nayo wiki nzima. Ilaze tu, inajizima yenyewe dakika mbili tatu. Yule mzee baharia akiiweka chini alikuwa anaacha ramu kidogo kwenye glasi makusudi, kama kijiko kimoja, anaimalizia wakati moshi wa mwisho unapanda, halafu anabeba kisahani anaenda kumwaga kipande shimoni nyuma ya nyumba kabla mama hajaamka.